Jembe la Ukurasa wa Tano

Mzee Chilumba wa Newala alikufa mara mbili, na mara ya kwanza nilimuua mimi. Sikumpiga rungu wala sikumtegea sumu. Nilimuua kwa kipanya cha kompyuta, mchana kweupe, huku natafuna ming'oko ya kuchemsha, vile viazi pori vya kwetu. Baada ya hapo akaishi miaka ishirini na kitu, akapanda mikorosho mpaka jua likawa linapiga hodi kabla ya kuingia shambani kwake, na kila msimu alinishushia Masasi kapu la korosho zilizobanguliwa, zawadi ya mtani kwa mtani. Nilizila zote. Mwaka huu ndipo alipokufa ile ya kweli, ya kuoshwa na kuzikwa, na wanawe wakanipigia simu nipande Newala kwenye arobaini, maana arobaini ya mzee bila Baba Salumu, walisema, ni chai bila sukari. Simu ilipokatika nilibaki kitandani, soksi moja mguuni na nyingine mkononi, na mke wangu akaniuliza naumwa nini. Nikamwambia meno. Mtu mzima nasema uongo hata soksi sijamaliza kuvaa.

Wengi mmeshanisikia nikihadithia jinsi nilivyomzika Mzee Chilumba gazetini akiwa hai, eti kwa utani, Mmakua anamtania Mmakonde. Hadithi hiyo nimeipiga misibani, harusini na kwenye foleni ya maji mpaka imeota mvi. Kila nikiihadithia naongeza kitu: mara mbuzi walikuwa watatu, mara kumi, siku moja nilisema walichinja ngamia, na Newala hakuna aliyewahi kuona ngamia. Leo nataka kusimulia ile nyingine, ambayo miaka yote hii nimekuwa nimeikalia kama kuku.

Ulikuwa mwaka ule ambao kila kitu kilifunguliwa. Wanunuzi binafsi wa korosho waliingia Masasi na magari yao na mizani zao, mitumba ikamwagwa sokoni chungu nzima, na kila mwenye vyumba viwili akafungua biashara katika kimoja. Baba Rehema, aliyekuwa akiuza spea za baiskeli, akafungua kiwanda cha uchapaji nyuma ya duka lake. Kiwanda ni neno lake. Mimi naona kilikuwa chumba, tena chumba chenye bati lisilo na dari, kilichoangaliana na mlima wa jiwe, na kuanzia saa nne asubuhi ule mlima ulikuwa unalirudisha jua lote kupitia dirisha letu moja. Ungeweza kukaanga yai juu ya mashine ya kuchapa. Sikukaanga, lakini nililiwaza. Tulichapa kadi za harusi, fomu za wanunuzi wa korosho, na kila mwezi gazeti la wilaya la kurasa nane ambalo Baba Rehema alilipenda kuliko watoto wake, maana watoto hawakuwa na jina lake kwenye ukurasa wa kwanza.

Kazi yangu ilikuwa kukata karatasi. Shule sikwenda mbali: darasa la kwanza nililimaliza, la pili likanimaliza mimi. Lakini jicho langu lilikuwa la kipanga. Karatasi ikipinda unywele nilikuwa naiona nikiwa mlangoni. Kwa jicho hilo Baba Rehema akaamua nimsaidie Mama Tatu kwenye kompyuta, kupachika picha kwenye visanduku vyake, kwa kuwa yeye Mama Tatu alikuwa mmoja na kazi zilikuwa mia.

Mama Tatu alitoka Newala. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, akaacha, akaenda Dar miezi mitatu kujifunza ile programu ya kupanga kurasa, akarudi na bahasha ya maelezo nene kama tofali. Masasi nzima ilikuja kumchungulia. Wanaume walisimama dirishani wakimwangalia akibonyeza, na walikuwa wanasema kwa sauti, kana kwamba dirisha lina masikio upande wa nje tu, kwamba mwanamke na umeme ni mwezi mmoja, hesabuni. Yeye hakugeuka. Alikuwa anaongea polepole, na hata mimi, mkata karatasi, aliniita Baba Salumu tangu siku ya kwanza, wakati huyo Salumu mwenyewe bado yuko mgongoni kwa mama yake. Mchana tulikula pamoja, ugali wa muhogo na kisamvu cha nazi kutoka kwa mama jirani aliyekuwa akikaanga korosho, na katika kula alinifundisha herufi. Alikuwa anachora kwa kidole kwenye unga uliomwagika mezani. Nilijifunza S kwa Salumu na T kwa Tatu, na N nikaijua vizuri sana kwa sababu ndiyo ya nyama, na nyama hatukuwa nayo.

Sasa niwaeleze tatizo lenyewe, maana bila hilo hamtanielewa. Ile programu ilionyesha ukurasa mmoja mkubwa katikati ya kioo, na chini kushotoni vikurasa vidogo nane vimepangwa kama karata, kila kimoja na namba yake. Ule unaoufanyia kazi ulikuwa unajulikana kwa kuwa kikurasa chake kimekolea rangi kidogo. Kidogo, nasema. Kijivu juu ya kijivu, kama punda kwenye vumbi. Na lile jua la mlimani likishapiga kioo, huoni punda wala vumbi. Mama Tatu ule ukurasa unaofanyiwa kazi aliuita ukurasa hai. Kila nilipokaa alisimama nyuma yangu akauliza, "Baba Salumu, ukurasa hai ni upi?" Nami nilikuwa napaka mate kidole, nakisogeza kwenye kioo, nakisia. Nikikosea hakunicheka. Alisema programu ndiyo imekosea, aliyeitengeneza hakuwahi kukaa Masasi saa saba mchana.

Akatafuta dawa. Kwanza alitundika gunia dirishani, tukawa tunafanya kazi kwenye giza la tumbo la nyangumi, na Baba Rehema akalitoa akisema wateja wanadhani amefilisika. Akajaribu kubandika uzi mwekundu kwenye kioo, lakini uzi haujui kuhama wenyewe. Mwisho akaja na jambo ambalo mpaka leo naliona ni la akili kuliko mambo yote niliyowahi kuyaona, na nimeshaona ndege ikitua. Alichora picha. Kila ukurasa akaupa alama yake, kubwa kama kiganja, pembeni kabisa, kwenye ule ukingo wa karatasi ambao mimi mwenyewe baadaye naukata na kuutupa. Wa kwanza jogoo. Wa pili chungu. Wa tatu, wa harusi, ngoma. Wa nne mpira. Wa tano, wa kilimo, jembe. Wa sita, wa tanzia, mkeka uliokunjwa. Wa saba korosho, na wa nane kobe, kwa kuwa ndiye anayefika mwisho. Ukifungua ukurasa, alama ilikuwa inakukodolea macho hata jua liwe vipi. Msomaji hakuiona kamwe, kwa sababu ilibaki sakafuni kwangu. Jioni nilikuwa nafagia majogoo na majembe. Tangu siku hiyo akiniuliza ukurasa hai ni upi namjibu kabla hajamaliza, wa ngoma, wa kobe, na kazi ikaenda kama maji ya mteremko.

Halafu akaja fundi kutoka Dar kuihudumia kompyuta. Kijana wa viatu vyenye ncha, shati limechomekwa, na manukato yaliyotangulia kufika siku mbili kabla yake. Mimi nilikuwa nyuma ya ukuta wa mbao laini nafunga marobota, na ukuta ule ulikuwa hauzuii hata pumzi. Nikamsikia anafungua gazeti letu kwenye kioo, kisha kicheko. Akamuuliza Baba Rehema huyu jogoo anafanya nini humu. Baba Rehema akamweleza. Fundi akasema, "Yaani mtu mzima na ndevu zake anaongozwa na kuku?" Na Baba Rehema naye akacheka, kile kicheko cha tajiri anapomcheka mtu wake mbele ya mgeni. Mama Tatu alisema neno pia. Alisema, "Macho yake ni mazima kuliko yangu na yako. Ile alama ya kijivu ndiyo mbovu." Nililisikia vizuri. Lakini kichwani nilibeba kicheko tu, neno lake nikaliacha palepale ukutani. Hilo ndilo la kwanza ninaloonea haya. Mimi mchekeshaji wa mji mzima, niliyekuwa namcheka kila mtu mpaka kadhi, nilichekwa mara moja tu nikavunjika kama kibuyu.

Baada ya siku tatu hivi yule bintiye Mama Tatu, Tatu mwenyewe, alishikwa na homa kule Newala kwa bibi yake, na Mama Tatu akapanda gari la asubuhi. Gazeti lilikuwa tayari isipokuwa picha mbili. Aliniachia maelezo akiwa mlangoni, kitenge begani. Picha ya mzee mwenye miwani ni ya marehemu, mwalimu wa kanisa wa Lulindi, inaingia kwenye tanzia. Picha ya mzee mwenye kofia ni Mzee Chilumba, mkulima bora, inaingia kwenye kilimo. "Miwani kwenye mkeka, kofia kwenye jembe," akasema. "Hapo huwezi kupotea." Nikamwambia aende salama, nikimaliza nitamwachia na chenji.

Akaondoka, na mimi nikakaa kwenye kile kiti. Wanaume wa dirishani walikuwepo. Mmoja wao, muuza mitumba, akauliza kama leo kuku amesema nifanye nini. Kumbe fundi wa Dar alikuwa amekwenda kuyasema kwenye kahawa. Nikawaambia mimi sihitaji kuku. Na ili waone, nikafungua ukurasa mmoja baada ya mwingine nikazifuta alama zote nane, jogoo, chungu, ngoma, mpira, jembe, mkeka, korosho, kobe, mbele yao, kwa madaha, kama mtu anayemenya chungwa. Wakapiga makofi. Nikaagiza ming'oko nikala huku nafanya kazi. Nikavuta kisanduku cha picha mpaka kikajaa kioo kizima, sioni kichwa cha habari wala maneno, naona kisanduku tu, na visanduku vya kurasa zile mbili vilikuwa sawa kama macho ya mtu mmoja. Nikabonyeza sita. Kompyuta ile ilikuwa na tabia ya kufikiri kabla ya kutii, na safari hii ilifikiri ikasahau. Mimi nikajua niko kwenye sita. Nilikuwa tano. Nikampachika mwenye miwani. Nikabonyeza tano, nikajua sasa niko tano, kumbe kompyuta ndiyo kwanza inaikumbuka ile sita, naingia sita. Nikampachika mwenye kofia. Kule chini kushoto punda wa kijivu alikuwa anasema ukweli wote, na jua la mlimani lilikuwa limemmeza.

Baba Rehema akauliza tayari? Nikasema tayari tangu jana. Tukachapa, nikakata. Mikono yangu mwenyewe iliukata ule ukingo, na ukingo ulikuwa mweupe. Laiti majembe yangekuwepo, yangeanguka miguuni pangu kutoka ubavuni kwa yule mzee wa miwani, na hata kipofu angejua kuna kosa. Kesho yake asubuhi gari likapanda na magazeti Newala, na mengine yakaenda Lulindi na mwendesha baiskeli.

Newala, mkewe Mzee Chilumba alisomewa gazeti na jirani. Picha ya mumewe, na chini yake maneno kwamba mzee wetu ametutoka baada ya kuugua muda mfupi, tutamkumbuka kwa upole wake. Mzee alikuwa shambani, kule bondeni, wiki ya pili hajapanda kurudi nyumbani, ndio msimu wa kuokota korosho. Nani angebisha? Mke akavua hereni, akakalishwa ndani. Watu wakatandika mikeka, wanawake wakalia, vijana wanne wakateremshwa bondeni kwenda kuuchukua mwili. Wao wakapita njia ya chini, mwili ukapanda kwa njia ya juu, umebeba tenga la mabibo, ukakuta uwanja umejaa watu wanakula mbuzi wake. Mbuzi mmoja. Leo nasema kweli, alikuwa mmoja. Mzee alisimama akauliza amekufa nani, na bibi mmoja akamjibu bila kuinua uso kwamba kafa Chilumba, kaa ule. Hapo ndipo kwenye hadithi yangu ya siku zote watu hucheka mpaka wanashika mbavu. Huwa nakatia hapo. Sisemi kwamba mkewe alipoisikia ile sauti alizimia, na kwamba kwa muda mrefu baadaye alikuwa akiamka anamgusa mumewe kifuani kuona kama yuko hai.

Na Lulindi siitaji kabisa. Mama Agnesi, mjane wa yule mwalimu wa kanisa, alikuwa ametoa picha pekee ya mumewe, ya harusi ya binti yao. Alingojea gazeti ili alikate alihifadhi kwenye kitabu chake cha sala. Lilipofika, mumewe yuko kwenye ukurasa wa kilimo, na chini yake imeandikwa kwamba mzee bado ana nguvu kama kijana na msimu ujao atapulizia salfa mikorosho yake yote mwenyewe. Alikuja Masasi kwa miguu. Alisimama kwenye kile chumba chetu cha joto, hakukaa alipopewa kiti, hakupokea maji. Alilifungua gazeti juu ya mashine yangu ya kukatia akasema, "Wanangu, nimewakosea nini hata mkamcheka mume wangu?" Kisha akalikunja, akaaga vizuri kama anayetoka kanisani, akaenda zake. Nimewahi kuumwa na nge, nimewahi kuangukiwa na robota la karatasi. Hakuna kilichoniuma kama ule upole.

Mama Tatu alikuwa amerudi asubuhi ileile, Tatu amepona, hajui lolote. Baba Rehema akatuita wote wawili. Alikuwa ameliviringa gazeti kama fimbo, maana jina lake lilikuwa kwenye ukurasa wa kwanza. Akauliza nani. Mimi nikasema, na maneno haya nayakumbuka kama namba ya nyumba yangu, nikasema, "Ni zile picha za Mama Tatu, Baba Rehema. Zilinichanganya. Jembe na mkeka, mtu unajuaje?" Sikupanga kulisema. Lilikuja lenyewe, kama kikohozi. Na Baba Rehema alikuwa ameshamsikia fundi wa Dar akizicheka, kwa hiyo neno langu lilikuta kiti kimeshatandikwa.

Mama Tatu alikwenda kwenye kompyuta, akaufungua ukurasa wa tano, akautazama ukingo. Akafungua wa sita. Akafungua yote nane, polepole, kila mmoja akiuangalia pembeni palipokuwa na kitu jana na leo hapana. Kisha akageuka akanitazama mara moja. Nikaangalia dari, na dari hatukuwa nayo, nikaangalia bati. Wale wa dirishani wakasema si tulihesabu, mwezi wa kwanza hata haujaisha, ingawa ulikuwa wa saba. Baba Rehema akamwambia apumzike kwanza nyumbani mpaka mambo yatulie, na kila mtu mjini alijua kupumzika huko maana yake nini. Akakusanya vitu vyake, bahasha yake ya tofali, kikombe chake. Akaufuta na ule unga uliokuwa mezani, wenye herufi zangu.

Siku ya tatu akaja Mzee Chilumba mwenyewe, gazeti kwapani, kofia ileile ya kwenye picha. Nilidhani amekuja kunitoa roho. Baba Rehema alikuwa amekwenda Mtwara. Nikamwamkia kama anavyoamkiwa mzee wa heshima, "Shikamoo, nang'olo." Akaitika marahaba, akauliza ni nani aliyemzika bila kumuaga. Nikamtazama, nikaona nimebanwa, na ulimi wangu ukafanya kile unachokijua. Nikamuuliza yeye kabila gani. Mmakonde, akasema. Nikapiga magoti nikasema, "Basi baba, mimi Mmakua. Nimekuzika nione kama Wamakonde mnafufuka." Akacheka mpaka akakaa sakafuni kwenye mabaki ya karatasi, akasema katika maisha yake hajawahi kutaniwa kwa gharama kama ile, akanidai kuku kwa mila, nikampa kuku, akamfunga miguu akaondoka naye akiwa bado anacheka. Baba Rehema aliporudi alisimuliwa mji mzima unavyocheka. Akaniita pembeni. "Kumbe ni wewe?" Nikasema nilikuwa namfurahisha mzee tu. Aliniangalia kitambo, na nikaona anajua, na akaona kwamba naona. Lakini mzee amefurahi, gazeti linasemwa kila kona, ya nini tena. Akarudi kwenye risiti zake. Kuanzia hapo mimi nikawa shujaa wa utani, na Mama Tatu akabaki yule mwanamke aliyeshindwa na kompyuta, kwa kosa moja lilelile. Utani ni kitu cha heshima kwetu, unaondoa uchungu msibani. Mimi niliutumia kama shuka la kujifunikia uchi.

Basi nikapanda Newala kwa arobaini. Kule juu upepo ni ule ule, unaingia kwenye mikono ya shati kama mpekuzi. Wanawe wakanipokea kwa vifijo, wakaniambia kuna kijitabu kidogo cha dua na historia ya mzee kinaandaliwa kwa Mama Tatu pale kwenye duka lake la steshenari, nikapitie nione kama habari ya kuzikwa gazetini imekaa sawa. Walisema jina hilo kama wanavyotaja jina lolote. Mimi nikafunga upya kamba za kiatu ambazo hazikufunguka.

Duka lilikuwa dogo, safi, lenye daftari na kalamu mpaka juu. Mama Tatu amekuwa bibi. Miwani yake minene kama vitako vya chupa, na ameinama karibu sana na kioo cha kompyuta, pua inakaribia kukigusa. Nikamwamkia, akaitika, akanijua kwa sauti, akaniambia, "Karibu, Baba Salumu, vuta stuli." Nikavuta. Nikatazama kioo. Pembeni mwa ukurasa, kwenye ukingo wa kukatwa, palikuwa na jembe.

Akaniona naliangalia. Akasema kompyuta za siku hizi zinauzungushia ukurasa hai rangi ya samawati, lakini macho yake yamechoka, samawati haioni, kwa hiyo bado anachora alama zake. Miaka yote amechora. Ameshafundisha wasichana wengi mjini pale, na wote wanachora. Nikataka kusema kitu cha kuchekesha. Nilikitafuta kila mfuko, sikukipata. Nikasema, "Mama Tatu, zile alama nilizifuta mimi." Akasema anajua, mashine haifuti jembe yenyewe. Nikamuuliza basi kwa nini hakusema siku ile mbele ya Baba Rehema. Akavua miwani akaifuta kwa ncha ya kitenge.

"Nilikuwa nakungoja wewe useme," alisema. "Nilikungoja pale ofisini. Nikakungoja nyumbani siku tatu. Siku naondoka Masasi kurudi huku nililiacha gari la kwanza likaenda, nikasema labda anakuja mbio."

Siku ile nilikuwa namkimbiza kuku wa kumpa Mzee Chilumba. Sikumwambia hilo. Nikamwomba kipande cha nafasi kwenye kijitabu, nyuma, chini kabisa, niandike masahihisho, maana gazeti letu halikuyaandika kamwe. Akasogeza stuli yake, akanipa kiti. "Andika mwenyewe, herufi nilikufundisha," akasema. Nikaanza kuinyoosha mikono, akanizuia. "Ngoja. Ukurasa hai ni upi?" Nikamwambia wa jembe, na masahihisho hayo yawe kwenye wa kobe. Akanisogezea kobe. Nilitumia kidole kimoja na nusu ya siku.

Arobaini ilikuwa ya watu wengi, siongezi. Baada ya dua wakaniita mbele, mtani mkuu, watu wameshaanza kutabasamu kabla sijafungua mdomo. Nikakifungua kile kijitabu nikasoma nilivyoandika: kwamba gazeti letu liliposema Mzee Chilumba amefariki haukuwa utani, kwamba nilikosea ukurasa kwa sababu nilifuta alama ili nisichekwe, kwamba marehemu mwalimu wa kanisa wa Lulindi na mkewe Mama Agnesi, ambaye sikuwahi kwenda kumwomba radhi mpaka naye akazikwa, tuliwavunjia heshima, kwamba Mama Tatu hakuwa na kosa, na nilimsingizia.

Walicheka. Uwanja mzima ulipasuka kwa kicheko. Mtoto mkubwa wa marehemu alikuwa anajifuta machozi, akasema Baba Salumu hafai, hata leo kaja na mpya, eti masahihisho. Wazee wakapiga mapaja. Nikainua mkono nikasema jamani ni kweli, na hilo likawachekesha zaidi. Nikaisoma tena kuanzia mwanzo, neno kwa neno, na kila neno lilikuwa linarudi kwangu na kicheko chake, na nikaelewa kwamba ndivyo itakavyokuwa mpaka nife, nilikwishawazoesha. Nilipoinua macho nikamtafuta Mama Tatu kwenye mikeka ya wanawake. Alikuwa amekishika kijitabu karibu na miwani yake, kimefunguliwa nyuma kabisa, anafuatisha mistari yangu kwa kidole. Hakuwa anacheka. Alipofika mwisho alikikunja, akainua kichwa kuelekea sauti yangu ilipokuwa, akaitikia kwa kichwa mara moja, kama alivyokuwa akifanya zamani nikiupata ukurasa.